Mlango Usio na Kishikio

Zdravka alipika katika chekechea ya hapa mjini Ruse mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimwachia tabia moja: hakuamini chakula chochote mpaka akinuse mwenyewe. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye mwendo wa haraka, na ukikutana naye ngazini hakuulizi hali, anakuuliza leo umepika nini. Mumewe, Lazar, alikuwa dereva wa kreni bandarini, kule mtoni. Yeye alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu wa utani wa chinichini. Mimi nimeishi ghorofa ya chini yao tangu jengo letu likiwa linanuka rangi mpya. Nimewasikia wakigombana na kupatana kupitia darini, na yale ambayo sikuyasikia niliambiwa na Zdravka mwenyewe, au na Minka, ambaye mlango wake unatazamana na wao.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Yavor. Aliondoka kijana kwenda Ujerumani, akawa fundi bomba huko, akaoa huko, na kila kiangazi alikuja na mkewe kwa wiki mbili tatu. Hakuwa kijana mbaya. Kila akija alitafuta kitu cha kuwatengenezea wazee wake: mara madirisha, mara bafu. Kiangazi kimoja aliingia jikoni, akasimama mbele ya friji yao ya zamani, akatikisa kichwa.

Friji yenyewe ilikuwa nyeupe, pana, imesimama peke yake kwenye kona karibu na dirisha. Ilinguruma mpaka kwangu chini nikaisikia. Ikianza kutetemeka, Lazar aliipiga kofi ubavuni, ikatulia.

"Mama, hii si friji, hii ni trekta," Yavor akasema.

"Trekta lako hilo linagandisha nyama mpaka shoka linakwama," Zdravka akamjibu.

"Linagandisha, sawa, lakini linakula umeme kama kiwanda. Niachie mimi. Utapata jiko kama la kwenye magazeti."

Na kweli alilipata. Mafundi walikuja, wakang'oa kila kitu, na walipoondoka ukuta mzima ulikuwa wa makabati ya kijivu, laini, yamelingana kutoka sakafuni hadi darini. Hayakuwa na kishikio hata kimoja. Friji ilikuwa imejengewa ndani ya makabati hayohayo, na mlangoni pake pamebandikwa ubao uleule wa kijivu. Lazar aliporudi kutoka kucheza tavla, ule mchezo wa kete na dadu, na wenzake wa bandarini, alisimama katikati ya jikoni akageuka huku na huku.

"Sasa friji iko wapi?"

"Itafute, baba," Yavor akasema, anacheka.

Lazar akafungua mlango wa kwanza akakuta ndoo ya taka. Akafungua wa pili akakuta masufuria. "Mmeificha kama mtu anavyoficha pombe yake ya rakia akisikia wageni ngazini," akasema, na wote wakacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Mwanzoni Zdravka hakuipenda. Alisema ni ndogo, na eti anajisikia kama anaweka siagi ndani ya kabati la nguo. Lakini alikuwa mtu ambaye kitu kikishakuwa chake hukitunza. Akajifunza tabia zake. Aligundua kwamba chini, kwenye ubao wa miguuni, kuna matundu ya hewa, na kwamba yakijaa vumbi friji inapata joto na kuhema. Basi akawa anapiga magoti kila baada ya muda na kuyafuta kwa brashi. "Imefungiwa ukutani, maskini," aliniambia, "isipopata hewa hapo chini itapumulia wapi?" Hakuweka chungu cha moto ndani. Hakuacha chakula kigusane na ukuta wa nyuma, kwa sababu matone ya maji huteremka hapo na kuingia kwenye kitundu kidogo. Siku moja jani la kotmiri liliziba kitundu hicho, maji yakajaa chini ya droo ya mboga, naye akakizibua kwa kijiti cha pamba cha masikioni. Ubao wa mlango ulipoanza kushuka upande mmoja kwa uzito wake, alichukua bisibisi ya Lazar akaukaza mwenyewe.

Kilichompa fahari zaidi ni mpira wa mlango. Aliuosha kwa maji ya vuguvugu na magadi, akaukausha mpaka kwenye mikunjo. Alichukua kipande cha karatasi, akakibana mlangoni, akaniambia nikivute. Hakikutoka. "Umeona? Unashika kama meno." Makabati mengine yalifunguka ukiyagusa tu. Friji haikuwa hivyo. Ilibidi uingize vidole pembeni mwa ubao, uvute kwa nguvu, ndipo sumaku iliyo ndani ya mpira inaachia. Sisi tuliomtembelea tulikuwa tunavuta mara mbili.

Baada ya miaka michache Lazar alianza kubadilika.

Ilianza na mtindi. Kila asubuhi tangu ujana wake Lazar alikuwa anakula bakuli la mtindi kabla ya kahawa. Asubuhi moja Zdravka alimkuta ameinama mbele ya oveni, ameifungua, anachungulia.

"Unatafuta nini humo?"

"Mtindi."

"Ndani ya oveni? Umelewa kabla ya chai?"

"Ah, nimepitiwa," akasema, akacheka. Zdravka naye akacheka. Lakini kesho yake alimkuta kwenye kona ya dirishani, mahali ilipokuwa friji ya zamani, amesimama ametulia kama anayengoja basi. Wiki ile ile alikuta jibini kwenye droo ya taulo, limelainika, linanuka.

Hakumwambia mtu. Aliandika kwa herufi kubwa FRIJI HAPA, akabandika kwenye ubao wa kijivu. Lazar aliisoma kwa sauti kila akipita, vizuri kabisa, halafu akafungua kabati la jirani yake. Maneno aliyaona, lakini hayakumpeleka popote. Zdravka akajaribu kuuacha mlango wazi asubuhi ili aione taa na vyombo. Friji ikaanza kulia pii, pii, pii, na Lazar akaziba masikio akilia, "Zima hiyo, kreni inaanguka!" Zaidi ya hapo, barafu ikaganda ukuta wa nyuma, maziwa yakachacha, na siku nzima ikapotea kwa kuizima, kuyeyusha, kufuta na kukausha. Akaacha.

Kilichofaa kidogo ni utepe. Alichukua utepe mwekundu mpana, akaubandika kwa gundi kali pembeni mwa ubao, ukawa kama mkia wa kushika. Akamwekea mkono juu yake, tena na tena, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa chekechea kushika kijiko. "Vuta chekundu, Lazar. Vuta." Na Lazar akawa anavuta. Kwa miezi kadhaa alijipatia mtindi wake mwenyewe, na Zdravka aliniambia kuwa alipousikia mlango ule ukiachia, yeye akiwa chumbani anatandika, alikuwa anakaa kitandani kwa dakika moja kwa furaha.

Kiangazi kikafika, Yavor akaja, safari hii na wazazi wa mkewe. Aliuona utepe kabla hata hajaweka mizigo chini.

"Mama, hiki nini?"

"Cha kushikia. Baba yako mikono imekuwa mizito."

"Umebandika na gundi gani? Itaharibu ubao wote huu! Jamani, mama, wageni wanaingia wanakuta tambara limening'inia."

Hapo ndipo angeweza kumwambia. Hakumwambia. Lazar alikuwa sebuleni anawachekesha wakwe kwa Kijerumani chake cha bandarini, kile cha mabaharia, na wakwe walikuwa wanajifuta machozi kwa kicheko. Angesema nini? Kwamba mtu yule anayewachekesha wenzake hajui leo ni mwezi gani? Yavor akachukua kisu chembamba na maji ya moto, akautoa utepe taratibu, akapasugua pale mpaka pakang'aa.

Walipoondoka, Lazar alikuwa hajui tena pa kuvuta, na hata Zdravka alipobandika utepe mwingine, mkono wake haukuukumbuka. Basi akaamua kumpa kila kitu yeye mwenyewe, asubuhi mpaka jioni. "Mimi si nipo?" alisema. "Ana haja gani ya kujua friji iko wapi?"

Kulikuwa na jambo jingine alilotuficha. Lazar alianza kutoka na kwenda bandarini kazini, kazi ambayo haikuwepo tena. Mara mbili alirudishwa na polisi. Tangu hapo Zdravka akitoka kwenda sokoni alifunga mlango kwa nje na ufunguo akautia mkobani. Hakuwa akichelewa kurudi. Alikuwa anakimbia njiani kama ameiba.

Januari, siku ya barafu, alitoka hivyo. Alinunua vitunguu vya majani marefu na kichwa cha kabichi. Kwenye ngazi za soko aliteleza, akaanguka chali, nyonga ikavunjika na kichwa kikagonga ukingo wa jiwe. Gari la wagonjwa lilimchukua. Mkoba wake ulitundikwa juu ya kabati la wodi, na ufunguo ndani yake.

Mimi wakati huo nilikuwa Varna kwa binti yangu. Niliyokosa nilisimuliwa na Minka.

Hospitali ilimpigia Yavor. Yavor akapiga simu ya nyumbani, ile ya waya iliyoko kwenye korido, na Lazar akaipokea.

"Baba, uko salama?"

"Salama kabisa! Wewe je? Baridi huko?"

"Baba, mama yuko hospitali, ameanguka. Watamfanyia upasuaji. Umeelewa?"

"Naelewa, naelewa. Yuko sokoni, atarudi."

"Si sokoni, hospitali. Wewe umekula?"

"Nimekula sarma. Mama yako amejaza friji."

Na hilo lilikuwa kweli, friji ilikuwa imejaa, na sarma, nyama iliyoviringishwa kwa majani ya kabichi, ilikuwemo. Yavor alifikiri baba yake ameduwaa kwa habari. Aliomba ruhusa kazini, akaambiwa angoje mwisho wa wiki, na theluji ilikuwa imefunga uwanja wa ndege. Akampigia Minka. "Shangazi Minka, nakuomba umwangalie mzee."

Minka akagonga mlango na bakuli la supu ya maharage mkononi.

"Kaka Lazar! Ni mimi, Minka. Fungua nikupe supu."

"Asante, dada," sauti ikatoka ndani, ya upole kama kawaida. "Zdravka amelala, tusimwamshe."

"Zdravka yuko hospitali, kaka."

Sauti ikajibu: "Ndiyo. Najua. Tumejaa chakula, dada, usijisumbue."

Minka alidhani anaona haya, mwanamume peke yake nyumbani, jikoni pachafu. Siku iliyofuata akagonga tena, akajibiwa vilevile. Alisikia milango ya makabati ikifunguliwa na kufungwa, mmoja baada ya mwingine, akamwambia mumewe, "Anajipikia, maskini." Alipogonga tena hakujibiwa, akafikiri amelala. Yavor alipopiga simu, baba yake aliipokea na kumsalimia, sauti imepungua kidogo, akasema amekula.

Zdravka, kwa wakati wote huo, alikuwa hayupo. Upasuaji, dawa, homa. Alipoanza kurudi duniani, kitu cha kwanza alichomwambia muuguzi hakikueleweka. Cha pili kilieleweka vizuri sana, na wagonjwa wenzake wanakikumbuka.

"Mume wangu hajui friji iko wapi!"

"Tulia, mama," muuguzi akasema. "Friji iko jikoni. Kila mtu anajua friji iko wapi."

"Yeye hajui! Nimemfungia! Ufunguo uko hapo!"

Muuguzi akampiga-piga begani. Alikuwa msichana mwema, lakini wazee wenye homa husema mengi. Ilimbidi Zdravka amshike mkono mwanamke wa kitanda cha pili na kumbembeleza mpaka akampa simu yake.

"Yavor. Nenda kavunje mlango."

"Mama! Umeamka! Mama, usiogope, nimeongea na baba jana, kasema amekula sarma—"

"Hajala. Baba yako hajala kitu. Hawezi kuifungua, hajui iko wapi, ni mwaka sasa. Umenisikia? Vunja mlango!"

Yavor hakuuliza tena. Alimpigia Minka, na mumewe Minka akauvunja mlango kwa mtaimbo pamoja na jirani wa ghorofa ya juu.

Minka alinieleza mara moja tu, na hakutaka kurudia. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka mchana. Kila mlango wa kabati ulikuwa wazi, kila droo imevutwa, oveni wazi, mashine ya kuoshea vyombo wazi. Unga ulikuwa umemwagika sakafuni na una alama za viganja. Kulikuwa na maharage makavu yaliyotafunwa na kutemwa, na kipande cha jino. Mlango mmoja tu ndio ulikuwa umefungwa. Ubao wake wa kijivu ulikuwa umejaa alama nyeupe za vidole, juu mpaka chini. Alikuwa ameugusa mara nyingi. Aliugusa, haukuachia kama ile mingine, akauona ni ukuta.

Lazar alikuwa ameketi kwenye kona ya dirishani, ameegemea pale. Midomo yake ilikuwa na unga uliokauka. Alimtambua Minka, au alimtambua mtu anayefanana naye, akajaribu kuinuka kwa adabu, akashindwa.

"Samahani, dada," akasema. "Sina cha kukukaribisha. Friji wameichukua."

Walimpeleka hospitali ileile. Alikuwa amekauka, moyo wake dhaifu, na unga alioumeza ulikuwa umeingia njia ya hewa, mapafu yakaungua kwa homa. Zdravka alikuwa ghorofa ya juu yake na hakuweza kusimama. Alipiga kelele mpaka wakamshusha kwa kiti cha magurudumu. Alikuja na kikombe cha mtindi alicholetewa na mgonjwa mwenzake, akamlisha mumewe kwa ncha ya kijiko, kidogo kidogo, akimfuta kidevu.

"Mzuri huu," Lazar akasema. "Umeutoa wapi?"

"Kwenye friji."

"Ipo?"

"Ipo, mzee wangu. Imerudi."

Akala nusu kikombe. Alikufa kabla wiki haijaisha, mchana, Zdravka akiwa wodini kwake anafundishwa kusimama na fremu ya chuma.

Yavor alikuwa ameshafika. Aliingia ile nyumba peke yake kwanza. Minka anasema alimsikia akiuvuta mlango wa friji, ukaachia. Ndani kulikuwa na sufuria la sarma, bakuli la supu ya kuku iliyoganda vizuri, mtindi vikombe kadhaa vimepangwa, jibini ndani ya maji yake ya chumvi, mayai, soseji, mtungi wa pilipili za kuchoma. Kila kitu kilikuwa baridi na safi. Alichukua bisibisi akaanza kuung'oa ule ubao, akauacha nusu, akachomoa umeme, akaufunga mlango na kila kilichokuwemo, akatoka. Akalala hotelini mpaka mazishi.

Karatasi za msiba zenye picha ya Lazar zilibandikwa mlangoni pa jengo na kwenye kituo cha basi. Nilirudi kutoka Varna nikamkuta pichani ananitazama, amevaa kofia ya kazi.

Zdravka alirudishwa nyumbani arobaini ikikaribia. Alipofungua mlango wa jikoni alijua kabla ya kuona, kwa pua. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Friji iliyozimwa na kufungwa na chakula ndani yake hugeuka kitu kingine. Kuvu nyeusi ilikuwa imepanda kwenye mpira, kwenye mikunjo ileile aliyokuwa akiikausha, na sarma ilikuwa imevimba ikamwaga maji yake mpaka kwenye kile kitundu cha nyuma.

"Nitamwita mtu," nikasema.

"Niletee kiti," akasema Zdravka. "Na siki. Na magadi."

Aliisafisha akiwa amekaa, fremu yake pembeni. Nilimwaga ndoo, nikaleta maji, nikamwaga tena. Alitoa rafu zote, akaziosha kwenye beseni la bafuni. Alisugua kuta za ndani kwa magadi, akazifuta kwa siki, akaufungua mpira kwenye mfereji wake na kuusugua kwa mswaki wa zamani. Kitundu alikizibua kwa waya. Hakulia. Alifanya kazi siku nzima na ya pili yake, na ya tatu akaiacha wazi ipate hewa. Nilimuuliza kwa nini asingoje, maana nyonga yake haijapona.

"Ngano ya arobaini nitaiweka wapi?" akaniuliza.

Kweli, ngano ya kuchemsha ya marehemu huwezi kuiacha nje, huchacha. Aliichemsha, akaichanganya na sukari na jozi, akaiweka kwenye friji ile, na asubuhi tukaipeleka makaburini tukagawana kwa vikombe vidogo, kila mtu akisema Mungu amsamehe.

Yavor alikuja kwenye arobaini hiyo bila mkewe. Baada ya watu kuondoka, mama na mwana walikaa jikoni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi kwa sababu harufu haijaisha, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Uliniambia mikono yake imekuwa mizito," Yavor akasema. "Mikono! Mwaka mzima, mama. Kila Jumapili nakupigia. Baba hajambo? Hajambo. Anakula? Anakula."

"Alikuwa anakula. Nilikuwa namlisha."

"Ungeniambia!"

"Ungefanya nini? Ungemweka nyumba ya wazee, kitanda karibu na choo. Ningekuambia, ungekuja na mafundi."

"Nilitaka mpate kitu kizuri."

"Najua."

"Nikaung'oa utepe wenu."

"Ukaung'oa," Zdravka akasema. "Na mimi nikakutazama unaung'oa. Na mimi ndiye niliyezungusha ufunguo."

Baadaye Yavor akasema ataibomoa ile friji, ataleta nyingine, nyeupe, ya kusimama peke yake.

"Usiiguse. Friji imefanya nini? Chakula kilikaa vizuri mpaka ulipoichomoa. Kaza huo ubao ulioulegeza, unaning'inia."

Nikasikia bisibisi. Alikuwa anakaza na kulia kwa wakati mmoja, mtu mzima yule, na mama yake hakumnyamazisha.

Zdravka alikaa mle ndani mwaka mmoja na zaidi. Alipika kidogo, akala kidogo zaidi. Aliendelea kufuta matundu ya hewa, sasa kwa brashi aliyoifunga kwenye mpini mrefu kwa sababu hakuweza kupiga magoti. Kisha dadake Donka, mjane wa kijiji cha Nikolovo, akamwambia ahamie kwake. Akakubali, nyumba ikauzwa.

Walionunua ni vijana waliooana karibuni. Bibi harusi, Teodora, alikuja kupokea funguo, akapita jikoni akipapasa yale makabati kwa kiganja. Zdravka alimwonyesha friji kwa utaratibu. Matundu yako hapa chini, usiyazibe kwa zulia. Kitundu cha maji kiko huku nyuma. Mpira uoshe kwa magadi, usitumie sabuni kali. Mkisafiri muda mrefu, toeni vyote, izimeni, iacheni wazi.

"Nzuri mno," Teodora akasema. "Yaani mtu hawezi hata kujua kuna friji hapa."

"Hawezi," Zdravka akasema.

Akachukua mkoba wake. Nilimsaidia kushuka ngazi, maana lifti yetu ilikuwa imekufa tena. Donka alikuwa anangoja chini na mwanamume wa kijijini mwenye gari la mizigo, wakapakia magodoro, cherehani, na makasha ya mitungi mitupu. Zdravka aligombana na yule mwanamume kuhusu namna ya kufunga kamba, akashinda, akapanda mbele.

Yuko Nikolovo mpaka leo. Wanafuga kuku, na friji ya Donka iko sebuleni kwa sababu jikoni hakuna nafasi. Yavor hupiga simu Jumapili, wakazungumza kuhusu mvua na kuhusu nyonga. Mara moja alikuja na mkewe, wakakaa siku chache. Zdravka aliniambia kwamba hawakumtaja Lazar mpaka siku ya kuondoka, ndipo Yavor, akiwa ameshawasha gari, aliteremsha kioo akamuuliza baba alikuwa anapenda nini hasa kwenye ule mtindi wake, asali au chumvi. Zdravka akamwambia chumvi. Yavor akaitikia kwa kichwa, akaendesha.